Makinda wa tai mbele ya kamera: nani aamue lini mtu apande mtini?

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Machi 2025 dhoruba ya theluji ililipiga bonde la Big Bear, California, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juu ya msonobari mmoja mrefu, tai kichwa-cheupe wawili wajulikanao kwa majina ya Jackie na Shadow walikuwa wakiwafunika makinda watatu. Kamera zilizofungwa kiotani zilikuwa zikirusha picha mtandaoni moja kwa moja usiku kucha. Dhoruba ilipopungua, makinda waliokuwa hai ni wawili. Malalamiko yakaanza papo hapo: hao Friends of Big Bear Valley wenye kamera, kwa nini hawakumpandisha mtu aende kuokoa?

Swali hilo huulizwa karibu kila msimu, na pande zote mbili hulijibu vibaya. Wapo wasemao "hiyo ndiyo asili" kana kwamba mjadala umekwisha, na wapo wanaotaka kila kinda anayeyumba ashushwe kwa kamba. Kwa maoni yangu, binadamu anaweza kupanda, na mara nyingine ni wajibu wake. Ila uamuzi huo unasimama juu ya mambo yasiyohusiana na wingi wa watazamaji wanaolia: umri wa kinda siku hiyo, chanzo cha madhara, na tai wangapi wa aina yake wamebaki. Na huwezi kuyapima hayo kama hujui kuisoma picha unayoitazama.

Chukua hesabu ya Big Bear yenyewe. Mayai yalitagwa tarehe 22, 25 na 28 Januari. Makinda wakatoka tarehe 3, 4 na 8 Machi. Yai la kwanza lilichukua siku 40, la pili 38, la tatu 39, ilhali tai kichwa-cheupe kwa kawaida huatamia siku kama 35. Kuchelewa huko si kasoro. Kwenye baridi ya milimani jike haoni haja ya kukandamiza yai la kwanza mfululizo. Hulikinga lisigande, akaanza kuatamia kwa dhati mayai yanapoongezeka. Ndiyo maana mayai mawili yaliyopishana siku tatu yalitoa makinda waliopishana saa chache tu. Wa tatu akabaki nyuma kwa siku nne. Usiku wa dhoruba, basi, wa kwanza alikuwa na siku kumi, wa pili siku tisa, na mdogo siku tano.

Siku tano ni jambo zito. Kinda wa tai hana uwezo wa kujitunzia joto la mwili mpaka afikishe kama wiki mbili. Kabla ya hapo joto lake lote hutoka kwenye ngozi tupu iliyo kifuani mwa mzazi, chini ya manyoya. Sasa fikiria mpandaji. Kiota kiko takribani mita 44 kutoka ardhini. Akianza tu kupanda, wazazi wanaruka. Makinda wote watatu wanabaki wazi kwenye theluji, gizani, kwa muda wote anaopanda, anaofanya kazi na anaoshuka. Kumwokoa mmoja kwa njia hiyo ni kuwaua watatu. Hapo hapakuwa na la kujadili, hata kama lawama zilikuwa nyingi.

Kinda hutoka yaini na uzito wa karibu gramu 100, amefunikwa na malaika (manyoya laini ya utotoni) mepesi ya kijivu kinachokaribia weupe, shingo haijakaza, kichwa kinapepesuka. Tundu la kwanza analitoboa kwa jino dogo lililo kwenye ncha ya mdomo, na kutoka tundu hilo mpaka kuwa nje kabisa ni siku moja hadi mbili. Watu wengi hupaniki kuona yai lenye ufa limekaa tangu asubuhi. Liacheni. Siku ya kumi hivi malaika ya pili huanza kuota, mazito na ya kijivu kilichokolea. Wiki ya tatu na ya nne vijiti vyeusi vya manyoya ya kweli vinachomoza mbawani, na ndipo ulaji unapopanda: kinda anaongeza zaidi ya gramu 100 kwa siku. Miguu hutangulia mwili. Kwenye wiki ya tano miguu tayari ina ukubwa wa mtu mzima na mwenyewe bado anaikanyaga. Wiki ya sita au ya saba anaanza kujichania samaki bila kulishwa, wiki ya nane na kuendelea anapiga mbawa na kurukia matawi ya jirani, na kati ya wiki ya kumi na ya kumi na tatu anaruka. Sunny, mmoja wa wale wawili wa Big Bear, aliruka tarehe 2 Juni. Kichwa cheupe usikitafute. Hicho huja karibu na mwaka wa tano. Kijana wa tai ni kahawia iliyokolea, mdomo na macho meusi.

Kipimo bora cha afya ni gole, yaani kifuko cha chakula chini ya koo, wala si sauti. Kinda aliyeshiba gole lake hutokeza mbele ya kifua kama mtu aliyeficha embe ndani ya shati. Anayelia kwa fujo huku gole limejaa ana uroho tu. Anayekaa kimya pembeni, gole bapa, siku ya pili mfululizo, huyo ndiye wa kuandikwa kwenye daftari. Kipimo cha pili ni kinyesi: mwenye afya hurudi kinyumenyume mpaka ukingoni, akainua mkia na kukirusha nje ya kiota kwa nguvu. Uelekeo hauchagui, na lenzi iliyofungwa karibu huwa shabaha nzuri.

Mambo yanayoogofya bila sababu ni mengi. Mzazi akitembea kati ya makinda utadhani atawachoma, lakini tazama vidole: amevikunja ngumi, kucha ziko ndani. Makinda wa wiki ya nne kulala bapa kifudifudi juani, mbawa zimetandazwa, ni njia ya kupoza mwili. Mama kukaa kwenye tawi badala ya kiotani, makinda wakishafikisha wiki ya tatu au ya nne, si utelekezaji. Hawahitaji tena joto lake, na kutoka tawini anawaona tai wageni na bundi mapema zaidi. Kisha kuna chakula chenyewe. Mwaka 2016 tai wa Hays, Pittsburgh, walileta paka kiotani mbele ya hadhara, na watazamaji wakachachamaa kana kwamba mkataba umevunjwa. Tai anakula samaki akimpata, na akimkosa anakula bata, sungura, mzoga wa barabarani au paka. Anayetaka kuona samaki tu atazame soko la feri.

Kinachowatesa watazamaji zaidi ni ndugu kumdonoa ndugu, kwa hiyo tukitazame bila pupa. Wiki mbili za kwanza mkubwa humpiga mdogo kichwani mpaka ajikunje kifudifudi, na mkubwa akishiba ndipo mdogo hulishwa. Wengi wao huishi. Tai kichwa-cheupe huua ndugu pale chakula kinapopungua au tofauti ya umri inapokuwa kubwa, na siku nne ni nyingi. Linganisha na tai mweusi wa milima ya Afrika, ambaye naye ana kamera yake Roodekrans karibu na Johannesburg: yeye hutaga mayai mawili, na kinda wa kwanza humdonoa wa pili mpaka afe, karibu kila msimu, hata chakula kikiwa kimerundikana pembeni. Hapo yai la pili ni akiba tu, endapo la kwanza litaharibika. Anayetazama viota hivyo viwili kwa jicho lilelile atakosea kimoja.

Na jicho lenyewe hudanganywa na mitambo. Kamera hufungwa mtini nje ya msimu, tai wanapokuwa hawana shughuli na kiota. Marekani sheria ya kuwalinda tai ya mwaka 1940 inakataza kuwasumbua, na mwongozo wa serikali hutaka shughuli nyingi zikae mbali kwa mita 100 hadi 200 wakati wa kuzaa. Kwa hiyo kinachoharibika Februari mara nyingi husubiri mpaka baada ya makinda kuruka. Lenzi ikichafuka, imechafuka. Kebo moja ya mtandao inaweza kupandisha umeme na kushusha picha, lakini kipimo chake cha kawaida ni mita 100, na mti mrefu pamoja na umbali hadi kwenye kisanduku humaliza hizo haraka. Kebo isiyovikwa bomba la chuma itatafunwa na kindi. Kiota kilicho mbali na nyumba, kama cha Big Bear, hutegemea paneli za sola na betri. Zikifunikwa na theluji siku mbili, wahandisi huanza kupunguza matumizi, na picha ikizimika usiku haimaanishi kiota kimeanguka.

Usiku picha ni nyeusi na nyeupe kwa sababu kiota kinamulikwa na taa za infraredi, ambazo tai hawazioni. Taa zenye urefu wa wimbi wa nanomita 850 humulika mbali zaidi lakini zina wekundu hafifu ukizikazia macho. Za 940 hazionekani kabisa, ila picha huwa hafifu. Macho ya makinda kung'aa usiku ni mwanga huo unarudi. Kamera ya karibu yenye lenzi pana humfanya kinda aliye mbele aonekane mara mbili ya mwenzake, na ile inayovuta kutoka mbali huubana umbali mpaka kinda aliye katikati anaonekana amening'inia ukingoni. Ukitaka kulinganisha ukubwa, subiri walale sambamba. Kiota chenyewe huwa na upana wa mita moja na nusu au zaidi. Kuna kilichopimwa St. Petersburg, Florida, mwaka 1963 kikakutwa na upana wa mita 2.9 na kina cha mita 6.

Sasa turudi kwenye kupanda. Mwaka 2017, katika kiota cha hifadhi ya miti ya taifa, Washington, kinda aliyepewa namba DC4 alinasa mguu kwenye vijiti vya kiota. Wapandaji walimtoa, akapigwa eksirei, akarudishwa siku iliyofuata. Uamuzi mzuri: tatizo lilikuwa la kimakanika, linatatulika kwa dakika chache, na umri wake uliruhusu. Alikuwa na wiki kama tatu. Watafiti hungoja zaidi kabla ya kufunga pete za utambulisho miguuni, kati ya wiki ya tano na ya nane, pale kinda hahitaji tena joto la mama na bado hajawa na ujasiri wa kuruka. Baada ya wiki ya nane mpandaji huwa hatari kwa namna nyingine: kinda hujirusha kabla mbawa hazijakomaa, akaishia chini penye mbweha na kojoti.

Fort Myers, Florida, mwaka 2021, makinda E17 na E18 walikuwa wachanga kabisa, macho yao yameziba kwa maambukizi. Kwa kanuni ya "tuingilie tu kama chanzo ni binadamu" wangeachwa. Kliniki ya wanyamapori ya CROW ilipata kibali, ikawachukua wote wawili, ikawatibu na kuwarudisha baada ya siku chache. Wazazi wakaendelea kuwalisha. Kanuni ile ni nzuri kuanzia, lakini haitoshi. Hapa ugonjwa ulikuwa na dawa, hali ya hewa ilikuwa ya Florida na si ya milimani, na hakubakizwa kinda wa kugandishwa na baridi. Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, jibu nalo linabadilika.

Minnesota, mwaka 2014, ndiyo kesi chungu. Kinda aliyeitwa Snap na watazamaji alionekana ameumia bawa. Idara ya maliasili ya jimbo ilisema haitaingilia, shinikizo la watu likawa kubwa, ikageuza uamuzi. Aliposhushwa alikutwa amevunjika bawa na maambukizi yameenea, akauawa kwa kudungwa ili asiteseke. Watazamaji waliona sawasawa kwamba kuna tatizo. Walichokosea ni kuamini kwamba kuonekana kwa tatizo ni dalili ya kutibika. Na idara ilikosea kutamka "hapana" ya jumla kabla ya kupima, kisha kuitengua kwa sababu ya simu. Ungekuwepo utaratibu uliotangazwa tangu mayai yanatagwa, nani anapima, kwa vigezo gani, na nani anatoa kibali, kelele zisingepata pa kuingilia.

Kuna jozi nyingine inayofaa kusomwa pamoja. Aprili 2011 tai jike wa bustani ya mimea ya Norfolk, Virginia, aligongwa na ndege ya abiria kwenye uwanja wa jirani akafa, akaacha makinda watatu waliokuwa kwenye kipindi cha kula sana. Wataalamu waliona dume peke yake hatawamudu, wakawahamishia kituo cha wanyamapori cha Virginia walikolelewa mpaka wakaachiwa. Februari 2023, Fort Myers, jike Harriet alitoweka, akamwachia dume aitwaye M15 makinda wawili wa kama mwezi mmoja. Hakuna aliyepanda. M15 aliwinda, akalinda, akalisha, na wote wawili wakaruka. Tangu hapo Norfolk imekuwa ikilaumiwa na watu wanaosahau hesabu: midomo mitatu si miwili, na kosa lingejulikana wakati makinda wameshakufa. Binafsi naona maamuzi yote mawili yalikuwa sahihi.

Pale kiota kinapoanguka chote, kama cha kamera ya Minnesota tarehe 2 Aprili 2023, hakuna kibali kitakachosaidia. Kilikuwa kimeongezewa vijiti zaidi ya miaka 20, kikapita kilo 900, theluji nzito ikaongeza mzigo, tawi likavunjika. Kinda alikufa.

Lakini swali ambalo halionekani kabisa kwenye skrini ni la idadi. Mwaka 1963 majimbo 48 ya Marekani, bila Alaska na Hawaii, yalikuwa na jozi 417 tu zinazozaa. Sumu ya kuulia wadudu ya DDT ilikuwa imefanya maganda ya mayai kuwa membamba mpaka yanapasuka chini ya mama. DDT ikapigwa marufuku mwaka 1972, tai akaondolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 2007, na makadirio ya serikali yaliyotolewa miaka ya karibuni ni jozi 71,400. Kwa wingi huo, kinda mmoja hana uzito kwa jamii yake, na ndiyo sababu kumwacha kunavumilika. Hamia Madagaska, kwa ndugu wa karibu kabisa wa furukombe wetu. Tai-mvuvi wa kisiwa hicho ni wachache kiasi kwamba wahifadhi wa Peregrine Fund waliwahi kumwondoa makusudi kinda wa pili kabla hajauawa na kakaye, wakamlea na kumwachia. Kitendo ambacho Big Bear kingekuwa papara, Madagaska ni hesabu sahihi.

Jambo jingine lisiloonekana ni kwamba hatari kubwa ziko nje ya fremu. Utafiti uliotoka mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya tai waliopimwa Marekani wana dalili za sumu ya madini ya risasi (lead) iliyokaa mwilini muda mrefu, inayotokana zaidi na vipande vya risasi za bunduki kwenye mizoga iliyoachwa na wawindaji. Hakuna kamera ya kiotani itakayokuonyesha hilo, na hakuna mpandaji wa kulishusha. Nguvu za maelfu wanaodai kinda mmoja aokolewe zingefanya kazi kubwa zaidi zikielekezwa kwenye kudai risasi za shaba.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki anayetaka kuanza, saa ziko upande wake. Florida wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa saa nane, hivyo mlo wa asubuhi wa huko huangukia saa tisa na nusu alasiri Dar es Salaam na Nairobi. Big Bear, kuanzia katikati ya Machi, iko nyuma kwa saa kumi, na kulisha kwa alfajiri huonekana saa kumi na nusu jioni; walioko Muscat waongeze saa moja. Picha ya kiwango cha 480 inatosha kusoma gole na hula karibu nusu giga kwa saa, kwa hiyo anayelinda bando ashushe ubora na asitazame mfululizo: arudishe video nyuma, aangalie mlo wa kwanza na wa mwisho wa siku. Tai wa Florida hutaga kati ya Oktoba na Desemba, wa Washington Februari, wa Iowa mwishoni mwa Februari na Machi, wa Alaska Aprili na Mei. Anayeanza na Fort Myers mwishoni mwa Novemba, kisha akapanda kaskazini kiota kwa kiota, atakuwa na makinda wa kutazama mpaka Julai, na atakapofika Iowa atakuwa ameshajua tofauti ya njaa na uroho.